Wifi Aliyeshona Sinema

Niseme mapema, nisije nikasingiziwa baadaye: mimi na wifi yangu hatujawahi kupatana, na sikusudii kuanza leo. Wanaosema wifi ni ndugu hawajakaa naye nyumba moja miaka thelathini na mmoja, mlango kwa mlango, choo kimoja, na cherehani inayoanza kulalamika kabla hujanawa uso. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kuna jambo alilifanya mwanamke yule ambalo waliosoma hawakuliweza, na kwa kuwa kaka yake, yaani mume wangu, hawezi kusimulia kitu bila kusinzia katikati, kazi ya kusimulia imeniangukia mimi.

Wifi ni fundi cherehani. Chumba chake ni kile cha mbele, chenye dirisha la barabarani: meza ya kukatia, cherehani ya miguu, kioo kirefu chenye ufa, na kamba ambayo nguo za watu huning'inia zikisubiri siku yao. Anashona vizuri. Hilo hata adui yake hawezi kulikana, na adui yake ni mimi. Tatizo ni ahadi. Mafundi wote wana ahadi za uongo, ila za wifi zina ustadi wake. Ukienda Jumanne anakwambia Alhamisi. Ukienda Alhamisi anakutazama kwa huruma, kana kwamba wewe ndiye uliyekuja siku isiyo yako, kisha anakuambia kawia ufike.

Tena ana ugonjwa mwingine, wa mabaki. Mama yao, ambaye naye alikuwa fundi, aliwahi kutuhumiwa na mteja kwamba ameficha kitambaa kilichobaki akamshonea mwanawe sketi. Kama ni kweli au si kweli, familia mpaka leo haina msimamo, na ile sketi naambiwa ilimkaa vizuri sana wifi. Lakini tangu siku hiyo aliapa kwamba kwake hakitapotea hata kipande. Ukichukua gauni unapewa na kifurushi cha vijibaki vyote, mpaka vile vya ukubwa wa ukucha. Watu hupokea, hushukuru, na huvitupa kwenye pipa la jirani.

Sasa sinema iliingiaje humo. Zamani nyuma ya mtaa wetu kulikuwa na ukumbi wa klabu ya wafanyakazi, na opereta wake alikuwa na filamu fupi za kale, zile zisizo na sauti, ambazo watu wanatembea harakaharaka kama wameitwa msibani. Alizionyesha kabla ya picha kubwa. Jumamosi moja ukumbi umejaa, mkanda ukamkatikia mara mbili, na chupa yake ya gundi imekauka. Akatoka mbio, mkanda kauvaa shingoni, akaingia kwa wifi na kumwomba aushone. Wifi hakushangaa wala hakucheka. Aliuliza swali moja tu, kama anaruhusiwa kukata. Opereta akasema mafundi wa filamu hukata kidogo kila upande, wakapandanisha, wakabandika.

Wifi alikataa kukata. Kitambaa cha mteja hicho. Alichagua sindano nyembamba kuliko zote, uzi wa hariri, akaziweka ncha mbili zikatazamana bila kupandana, akashona kwa mkono juu ya ule mstari mweusi uliopo kati ya picha na picha, ili asimtoboe mtu uso. Mkanda ukarudi ukumbini, ukapita kwenye mashine, ukagonga tak pale penye mshono, ukaendelea na safari. Opereta hakununua gundi tena. Na miaka ilipopita, ukumbi ukafungwa ukawa ghala la saruji, mzee yule akahamia kwa binti yake. Siku ya kuondoka akaja na projekta na makopo tisa ya filamu, akamwachia wifi. Alimwambia kwamba mle ndani siku hizi mishono ni mingi kuliko picha, kwa hiyo mwenye mali ni yeye.

Mtu mwingine angezisukuma uvunguni. Wifi akazipatia kazi, na hapo ndipo mimi ninapoingia nikiwa na uchungu wangu. Mteja akija akakuta nguo yake haiko tayari, wifi hakubishana naye tena. Alivuta pazia, akatundika shuka nyeupe ukutani, akamkalisha mteja kwenye kigoda, akamwonyesha filamu. Na filamu ilikuwa karibu kila mara ile ile, ambayo mtaa mzima uliiita Bwana Kiti.

Ni ya dakika nane. Bwana mmoja mnene, mwenye masharubu na kofia ya duara, amenunua kiti na anakipeleka nyumbani kwa miguu. Akichoka anakiweka chini barabarani, anakaa. Mpita njia anamwona, anadhani bwana yule anasubiri kitu cha maana, naye anasimama nyuma yake. Anakuja wa pili, anakuja wa tatu. Bwana akiinuka na kusogea, foleni inasogea. Akikaa, foleni inatulia. Anapokaribia kwake ana polisi wawili nyuma yake, mama mwenye bata kwapani, mpiga tarumbeta na tarumbeta lake, na hakuna hata mmoja anayejua wanasubiri nini. Anabisha hodi. Mkewe anafungua, anaona foleni mpaka kona ya barabara. Anamtazama mumewe. Anaitazama foleni. Anaingia ndani. Anatoka na kigoda chake, anampita mumewe kama hamjui, anatembea mpaka mwisho kabisa wa foleni, anakiweka chini, anakaa kusubiri.

Wateja walicheka mpaka wakasahau kilichowaleta. Mtaani ikawa inajulikana: ukionyeshwa Bwana Kiti, gauni lako bado halijakatwa. Walikasirika wakati wa kuja, wakaondoka wakifuta machozi ya kicheko, na wiki iliyofuata walirudi kuonyeshwa tena.

Mimi nilionyeshwa asubuhi ya harusi yangu.

Gauni langu halikuwa na mkono wa kushoto. Nilikwenda na shangazi yangu, mwanamke mwenye mwili na msimamo, aliyekuja tayari kupigana. Wifi mtarajiwa akatutazama, akavuta pazia. Kufika dakika ya nne shangazi yangu alikuwa sakafuni, anajipigapiga paja, anaomba maji. Mimi niligeukia ukuta wa nyuma, nikausoma mpaka filamu ikaisha. Mkono wa kushoto ulishikizwa kwa bandi tu, ule mshono mrefu wa muda anaopiga fundi kabla ya kushona kweli, na kila nilipokumbatiwa siku ile nilisikia uzi mmoja ukikatika. Kabla ya keki mkono ulikuwa umeshafika kwenye kiwiko. Nikaapa kwamba huyo Bwana Kiti sitamtia machoni, na nikaishi naye nyumba moja miaka thelathini bila kumwona, nikisikia tu vicheko ukutani.

Basi, miaka minne iliyopita nyumba ilianza kunuka siki. Nilimwaga chupa zote za jikoni. Nikasugua sakafu. Nikamshuku mume wangu, nikamlazimisha kuosha miguu mara mbili kwa siku kwa mwaka mzima, na mpaka leo sijamwomba radhi. Harufu ikazidi. Kisha siku moja nachambua mchele, redio inasema kuna idara inayohifadhi filamu za zamani, na kwamba mwenye nazo awapigie, hasa kama zinanuka siki, maana filamu ikizeeka huchacha, na ikichacha hujikunja, ikasinyaa, ikafa. Niliuacha mchele na mawe yake. Nikaenda bafuni, nikafungua bomba maji yapige kelele, nikapiga simu. Sikufanya hivyo kwa kuipenda sanaa, mnielewe. Nilitaka wazibebe waondoke nazo, chumba kile kipumue, nami nipumue.

Akaja binti mmoja mwembamba, mpole, mwenye glavu nyeupe za pamba na kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni. Wifi alidhani amekuja kupimwa, akamzungushia futi kamba kiunoni kabla binti hajamaliza salamu. Mambo yalipoeleweka, binti akayafungua makopo moja moja juu ya meza ya kukatia. Sita alisema nakala zake nzuri wanazo tayari. Mawili yalikuwa yameshaganda, mkanda umekuwa kitu kimoja kama sabuni ya mche. Akafungua la tisa, akavuta mkanda kidogo, akausogeza dirishani. Akabaki ameushika.

"Mama," akasema, "hii ni nini hapa katikati?"

"Uzi wa hariri."

"Mmeishona filamu?"

"Ulitaka niipige pasi?"

Binti akakaa kwenye kigoda cha wateja bila kukaribishwa. Alihesabu mishono hadi sitini na tatu, akaacha kuhesabu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na furaha yangu yote, nasubiri aseme uchafu huu uchomwe. Lakini kadiri alivyozidi kuuvuta mkanda ndivyo alivyozidi kuuinamia, na alipofika mwisho aliweka kioo jichoni na hakukitoa kwa muda mrefu sana. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, huyu mwanamke anatoka na nini mkononi.

"Kigoda," wifi akasema.

Hapo ndipo tulipoelezwa. Duniani zilijulikana nakala mbili tu za filamu ile, na zote mbili zinaishia mke anapofungua mlango. Anafungua, anatazama, halafu picha inaruka, unaona neno la kumaliza. Mwisho wa mkanda ndipo panapochakaa kuliko pote. Mafundi wa kila mahali walikuwa wanakata penye mchaniko, wanabandika, na kila wakibandika wanakula picha tatu au nne. Fanya hivyo mara hamsini, mke hapati tena nafasi ya kwenda kuchukua kigoda. Watu hawakujua kwamba kuna kigoda. Kuna msomi, binti akasema, ameandika kurasa arobaini kuhusu hasira ya yule mke.

"Hana hasira," wifi akamwambia. "Ameona foleni tu."

Sekunde kumi na moja, ndizo alizookoa kwa kutokukata. Binti alizihesabu picha baada ya picha, zikawa mia na themanini na kitu. Nikamwona wifi anajifanya anatafuta mkasi mezani, na mkasi uko mkononi mwake. Hakuwahi kusifiwa na mtu mwenye glavu.

Lakini sifa haikuja peke yake. Binti alisema uzi wote lazima ufumuliwe, mkanda ushikizwe kwa utepe maalumu na upitishwe kwenye mashine inayopiga nakala, kisha ukae kwenye chumba cha baridi. Na zile sekunde kumi na moja hakuweza kuziahidi. Sehemu nyingine wifi alishona juu ya mstari mweusi. Pale mwisho mkanda ulikuwa umechanika mshazari, kwa hiyo mishono ilipita juu ya watu wenyewe, na siki nayo imeusinyaza. Mashine ikikikataa kipande, utaratibu wao ni kukiacha nje na kuandika kwenye karatasi kwamba kilikuwepo. Ipo njia ya kukipiga kwa mkono, picha moja moja, ila inachukua miezi, na wa kuamua ni wakubwa zake.

Wifi alilifunga kopo. Alilifunga taratibu, kwa adabu, kama anavyomrudishia mtu nguo asiyotaka kuishona.

"Bila kigoda huyo si Bwana Kiti," akasema. "Ni mtu tu amefika nyumbani kwake."

Binti akaondoka na makopo manane, la tisa likabaki, nami nikabaki na siki yangu. Kwa siku nne hapakukalika. Wifi alishona bila kusema, na ukimya wa wifi unachosha kuliko cherehani yake. Siku ya tano nikaenda kumwambia ukweli, kwamba mimi ndiye niliyepiga simu. Hakuinua hata kichwa.

"Najua. Mtu anayenigombeza nikiacha bomba linadondoka hawezi kulifungua nusu saa bila sababu."

Kisha akanisukumia sindano na uzi, akaniambia nitunge. Nikatunga. Akasema wateja wamekuwa wakimtungia mwaka mzima sasa, kwa sababu macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, anaona ukungu, na anashona kwa vidole. Daktari anataka kumpasua, yeye anaahirisha. Hata daktari alikuwa anaambiwa Alhamisi. Mkanda ukichanika tena, hataweza kuushona. Akiendelea kukaa nao, siki itammaliza Bwana Kiti humo koponi na kigoda chake na foleni yake. Akiutoa, huenda akaokoka bila kigoda. Alisema hayo yote akitazama dirishani ambako haoni kitu, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilimwonea huruma, jambo ambalo lilinikera sana.

Akakubali, kwa sharti kwamba atafumua yeye. Aliyeshona ndiye anayejua uzi ulianzia wapi, akasema. Mtu mwingine akivuta kwa kubahatisha atapasua. Binti akarudi na glavu jozi tatu, na moja akanipa mimi, kwa sababu vidole vilikuwa vya wifi lakini macho ilibidi yawe ya mtu mwingine. Kaka yake alijaribu kwanza. Alisinzia na kioo cha kukuzia mkononi, tukamwondoa kabla hajauangukia mkanda.

Tulifumua siku tatu, tangu asubuhi hadi jua linapoondoka dirishani. Mimi na kioo, nasema kulia kidogo, rudi, hapo. Yeye na ncha ya sindano. Tuligombana siku zote tatu. Nikisema kulia ananiuliza kulia kwa nani. Akitoboa hewa anasema nimemwelekeza vibaya makusudi kwa ajili ya gauni lile. Na katika kuelekeza huko kiapo changu kilikufa kifo cha kawaida tu: siku ya tatu niliweka kioo, nikamwona. Mwanamke mdogo, amesimama mlangoni, mshono umempita shavu la kushoto kutoka sikioni mpaka karibu na mdomo, nyuzi tano, kama mtu aliyetoka hospitali. Na mkononi ameshika kigoda. Nikamtazama hadi wifi akauliza kama nimelala kama mume wangu.

Nilimwambia, maana kuhusu kazi yake sijawahi kumficha, kwamba nyuzi za shavuni ni ndefu mno na zimekaa vibaya.

Alipapasa pale kwa ncha ya kidole. "Siku hiyo watu walikuwa wengi," akasema. "Niliishika tu kwa bandi, nikasema nitaishona vizuri kesho." Kisha akacheka peke yake, bila sauti, mabega yanatikisika. "Kumbe yote ni bandi, wifi. Miaka yote hii nimepiga bandi tu, namsubiri atakayekuja kushona. Tufumue. Bandi haililiwi."

Lakini alilia. Nami nilimwambia asidondoshee mkanda machozi, binti alisema maji ni hatari.

Mkanda ukaenda, na wifi akawa mteja. Miezi saba! Mkuki kwa nguruwe. Mwezi wa kwanza alikuwa mtulivu. Wa pili akaanza kusikiliza simu ya kaka yake ikilia. Wa tatu aliniuliza kama posta bado ipo. Mimi nilikuwa nampita nikimwambia kawia ufike, na sijui kama nimewahi kuwa na miezi mizuri kama ile.

Jambo moja tu lilinishinda. Hakutaka kuuliza kuhusu kigoda. Namba ya binti ilikuwa ukutani, imeandikwa kwa chaki ya kukatia. Nilimwambia piga, uliza, kimo au hakimo, ulale. Alikataa katakata. Miaka yote aliwafundisha wateja wake sheria moja, kwamba nguo ikiwa mezani kwa fundi haiulizwi. Ukiuliza unamvunja mkono. Aliwahi kumrudishia bibi harusi kitambaa chake kwa sababu ya kuuliza mara mbili. Sasa kitambaa kilikuwa cha kwake, na sheria ilikuwa ile ile. Nilipojaribu kupiga mimi, bafuni, bomba wazi, alikuja akalifunga bomba kwa nje.

Mwaliko ulipofika ulisema tu siku, saa tisa alasiri, ukumbi wa chuo, filamu fupi za kale zilizohifadhiwa upya. Haukusema kigoda. Na daktari alikuwa hatimaye amempata wifi, amempa tarehe ya kupasuliwa, wiki mbili baada ya siku ile. Kaka yake akashauri asubiri, filamu itaonyeshwa tena, aje aione na macho mapya. Wifi akamtazama kwa huruma ile anayowapa wateja. Akashona gauni jipya kwa ajili ya siku hiyo, na kwa mara ya kwanza katika historia ya chumba kile nguo ikawa tayari siku moja kabla.

Ukumbi ulikuwa mkubwa, viti vinajikunja vyenyewe ukiinuka, na mume wangu alisinzia kabla taa hazijazimwa. Binti wa glavu alitupungia mkono kwa mbali akakimbilia chumba cha mashine. Nilitaka kumfuata. Wifi alinifinya.

Tulikuwa tumepatana kwamba nitamnong'oneza kinachoonekana. Yeye alikuwa anaona mwanga tu unaochezacheza. Filamu ilipoanza nikafungua mdomo, akaniwekea kiganja.

"Usiniambie," akasema. "Nitawasikia."

 Filamu yenyewe haina sauti, na ukumbini watu mia mbili hawamjui yeye wala mimi. Bwana alikaa barabarani, wakacheka kidogo. "Polisi," wifi akasema kwa sauti ya chini. Nikatazama, ni polisi. Kicheko kikaja kingine, chembamba, cha watoto. "Bata." Alikuwa sawa. Alikwenda nayo hatua kwa hatua hivyo, amefumba macho, akisoma filamu nzima kwenye vifua vya watu. Bwana akafika kwake. Akabisha. Mlango ukafunguliwa, mke akaona foleni, ukumbi wote ukalipuka kwa kicheko, nami nikahisi vidole vyake vinashika mkono wangu, juu ya kifundo, kwa nguvu. Hapa ndipo nakala nyingine zinapoishia. Kama wamekiacha kipande nje, sasa yangekuja makofi.

Hayakuja. Kicheko kilizama na ukumbi ukanyamaza. Watu walikuwa wanautazama mlango mtupu. Wifi alikuwa haoni mlango, alikuwa anasikia ukimya tu, na alizidi kunikaza hadi nikaumia. Nilikuwa najua anachosubiri na nilishaona kinachotoka mlangoni, na nilitaka kumwambia, Mungu ni shahidi, lakini nilikuwa nimejiziba mdomo kwa kiganja nisicheke. Mke yule alitoka na kigoda chake. Anatembea! Mwanamke niliyemwona kimya kwenye kioo, ameshonwa shavu, anatembea kwa maringo, anampita mume wake, anawapita polisi, anampita bata. Watu walianza kucheka nyuma, wakaja mbele, na alipokiweka kigoda chini na kukaa, mzee mmoja aliyekuwa mbele yetu alishuka kwenye kiti chake kabisa.

"Kimo," wifi akasema.

Akaniachia mkono. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, na mimi yalikuwa yananitoka na sijui yalikuwa ya nini. Makofi yakaanza. Akaniinamia sikioni, akauliza anachouliza fundi.

"Mshono unaonekana?"

Nilikuwa nimeangalia. Ulikuwepo, vitobo vitano vidogo kwenye shavu la kushoto, vikipita upesi. Miaka thelathini na mmoja sikuwahi kumdanganya kuhusu kazi yake, na haikuwa siku ya kuanza.

"Unaonekana," nikamwambia. "Lakini kwa anayejua pa kutazama tu."

Akafuta uso kwa mkono wa gauni lake jipya.

"Basi ni wewe," akasema, "na mimi nikishapona."